Kibuyu cha Darasa la Saba

Anayeniambia kwamba likizo ni ndefu, mimi humwambia alete mikono. Sina jibu jingine. Nimefuma masweta ya shule hapa mjini Babati tangu nikiwa msichana mpaka miguu ilipoanza kuvimba kwa kukaa, na katika miaka yote hiyo sikuona siku iliyomshinda mtu mwenye uzi mkononi. Siku hizi nimestaafu. Sikufanyiwa sherehe wala sikupewa saa ya ukutani. Niliifunika mashine yangu kwa kanga kuukuu, nikaipakia kwenye bajaji, nikaileta nyumbani Maisaka, basi. Lakini mikono haikupewa barua ya kustaafu, na ndiyo maana nawaandikia ninyi vijana mnaosema nyumbani hakuna cha kufanya.

Mjukuu wangu Glory alisema hivyo hivyo. Alikuja mwanzoni mwa mwezi wa sita kutoka Arusha, yuko kidato cha tatu, na siku tatu za mwanzo alizimaliza kwenye kochi na simu yake, amejifunika blanketi mpaka puani. Simlaumu kwa blanketi. Baridi yetu ya mwezi wa sita si ya mchezo. Ukungu unashuka kutoka mlima Kwaraa na kukaa juu ya mabati mpaka saa nne asubuhi. Siku ya nne akafungua mdomo.

"Bibi, nimeboreka hadi basi. Huku hamna kitu."

"Nyuma ya mlango wa stoo kuna gunia," nikamwambia. "Livute mpaka barazani."

Gunia lile ni mabaki ya maisha yangu. Kila oda ikiisha hubaki vidonge vya uzi ambavyo havitoshi hata mkono mmoja wa sweta, na mimi sijawahi kutupa uzi. Kuna bluu ya shule, kijani, maruni, kijivu cha sekondari, na njano moja kali ambayo mwalimu fulani aliiagiza kwa ajili ya kwaya, kisha kwaya yenyewe ikaikataa. Tulipolimwaga barazani, watoto wa jirani waliokuwa wanachungulia uani wakaingia bila kukaribishwa. Tangu siku hiyo sikuwa na likizo tena, nilikuwa na karakana.

Somo la kwanza nililowapa ni kuviringisha donge la uzi, na ninyi nawapa bure. Msikaze. Uzi ukikazwa kwenye donge unavutika, ukifumiwa unarudi, na sweta linasinyaa likiwa kwenye kamba ya nguo. Weka vidole vitatu juu ya donge, viringishia uzi juu ya vidole, kisha vichomoe vidole. Ile nafasi vidole vinayoiacha ndiyo pumzi ya uzi. Glory alifanya mara moja akaniangalia kama vile nilikuwa nimemficha kitu miaka yote.

Somo la pili nililipata mimi mwenyewe kwa aibu. Uzi wa kiwandani hauna undugu na pasi ya mkaa. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilitaka sweta la mke wa mchungaji ling'ae, nikalipiga pasi mkono wa kushoto, na mkono ukashika kwenye pasi, ukavutika kama ubwabwa wa jana. Mama wa watu aliletewa sweta la mkono mmoja na nusu. Alilivaa hivyo hivyo chini ya koti lake Jumapili nzima, hakusema neno, na mpaka leo nikimkumbuka yule mama nasema asante.

Basi barazani tukafuma. Kulikuwa na kofia, vishika sufuria, mikanda ya nywele, na mfuniko wa redio yangu wenye tundu la kuzungushia mawimbi. Mtoto mmoja wa jirani, msichana wa darasa la nne mwenye maoni mengi, aliamua kumfumia kuku sweta kwa sababu ya baridi. Alilimaliza kwa siku mbili. Kuku alikaa nalo muda wa kutosha kupigwa picha, kisha akaingia nalo kwenye migomba, akatoka hanalo. Wengine walipochoka na sindano walipaka rangi makopo ya mafuta ya kupikia, tukapanda maua tukayapanga kwenye ngazi. Saa kumi tulichemsha mahindi. Nilikaa pale nikaona kwamba hiki ndicho nilichokuwa nafanya ujanani, tofauti ni kwamba wakati ule kiliitwa kazi.

Jumatatu moja simu yangu ikaita. Alikuwa Boay, mtoto wa mama aliyenifundisha ufundi.

"Shikamoo, Mama Elibariki."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, ila miguu tu. Nimekupigia kukuaga. Jumamosi nakuja kumchukua, anahamia kwangu Dodoma. Peke yake pale Nangara haiwezekani tena."

Nikasema ni jambo jema, na ni jambo jema kweli. Nikakata simu nikabaki nimeishika mkononi. Nilikuwa na jambo la kumwambia mama yule, nililoliahirisha tangu nikiwa na miaka kumi na nane, na sasa nilikuwa nimebakiwa na siku tano.

Ngoja niwaeleze kwanza Mama Boay ni nani. Mimi nilikuja Babati kutoka Singida na sanduku la bati, kukaa kwa shangazi yangu. Shangazi hakupenda kuona mtu mzima amekaa, akanipeleka kwa mama mmoja Mwiraqw wa Dareda aliyekuwa na chumba karibu na soko na mashine mbili za kufumia masweta. Mashine zile hazitumii umeme. Kuna chuma unakisukuma kulia, unakirudisha kushoto, na kila safari inaongeza mstari mmoja wa vitanzi. Siku nzima chumba kinakwaruza kulia na kushoto. Mama Boay alikuwa mrefu, mkimya, na maneno yake ya kazini yalikuwa mawili. Kazi ikiwa mbaya alisema, "Fumua." Ikiwa nzuri alisema, "Imepita." Ilinichukua miezi mitatu kusikia lile la pili.

Neno hilo lilitoka kwenye vibuyu. Shingo ya sweta ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu inatakiwa ibane shingo lakini ipitishe kichwa. Mwanafunzi mwenyewe yuko shuleni, huna kichwa chake cha kupimia. Basi Mama Boay alikuwa amekwenda sokoni akazunguka kwa wauza vibuyu, akapima kwa kamba, akachagua viwili vilivyolingana na vichwa vya watoto. Kidogo alikiita Darasa la Kwanza na kikubwa Darasa la Saba. Alikuwa amevichora macho na mdomo kwa mkaa. Kila sweta lililomalizika lilivalishwa kibuyu, likivuka bila kulazimishwa alisema, "Imepita," na kulikunja. Likikwama, usiku huo ulilala ukiota unafumua.

Wakati ule nyuzi zilikuwa za shida. Tulinunua masweta ya mitumba yaliyochakaa viwiko, tukayafumua, tukazungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, tukauosha na kuuning'iniza na jiwe ili ule mkunjo wake utoke. Siku hizi masweta yanaletwa yameshakamilika kwenye mabelo, wazazi wananunua dukani, na sina kinyongo. Yanachuja rangi, lakini shingo zake zinapita.

Sasa kuna hadithi ninayopenda kuisimulia, na nimeisimulia maisha yangu yote dukani kwangu, harusini, hata kwenye jumuiya. Jumanne ile tulikuwa tunamenya mbaazi mbichi barazani, Glory na mimi na wale watoto, nikaisimulia tena. Kwamba zamani shule moja iliagiza masweta arobaini ya wanafunzi wa darasa la saba, bluu iliyokoza. Kwamba tuliyakabidhi Ijumaa, na Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu akaagiza wote wayavae kwenye paredi. Arobaini wakaingiza mikono, wakaingiza vichwa, na vichwa vikakwama. Mwalimu alisimama mbele ya masweta arobaini yasiyo na vichwa, mikono inapunga hewani, wengine wanazunguka wakigongana, mmoja akaikumbatia nguzo ya bendera akiomba msaada. Watoto barazani walicheka mpaka mbaazi zikamwagika.

"Na fundi?" akauliza yule wa darasa la nne.

"Fundi ndiye Mama Boay, aliyenifundisha. Soko zima lilimwita Mama Shingo kuanzia siku hiyo. Miaka na miaka, Mama Shingo."

Wote wakacheka tena, isipokuwa Glory. Alikuwa ameshika ganda la mbaazi halimenyi.

"Lakini Bibi, si ulituambia huyo mama alikuwa hapitishi hata kitanzi kimoja kibovu? Na alikuwa na vibuyu. Shingo arobaini alizikoseaje?"

"Menya mbaazi," nikamwambia.

Akamenya. Lakini mimi sikulala vizuri, na asubuhi, kabla ya watoto wa jirani kuja, nilimwita akae kwenye ngazi karibu na makopo ya maua. Nikamwambia kile ambacho sikuwa nimemwambia marehemu babu yake.

Mama Boay alikuwa amekwenda Dareda msibani wiki nzima. Miili na mikono ya masweta yote ilikuwa tayari. Aliniachia shingo arobaini nizifunge na kuzipima, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliniamini. Nilifurahi kupita kiasi. Redio ilikuwa inapiga muziki, nikakivalisha kibuyu kikubwa sweta, nikajitwika kichwani, nikacheza nacho chumba kizima. Nilipogeuka kilianguka kikapasuka toka juu mpaka chini, vipande viwili. Nikavificha chini kabisa ya gunia la uzi. Halafu, kwa sababu kazi ilitakiwa Ijumaa, nikapimia shingo zote kwenye Darasa la Kwanza. Nilijiambia uzi unavutika. Zilipita zote arobaini, moja baada ya nyingine, nikawa nasema mwenyewe kwa sauti yake, "Imepita, imepita." Mama Boay aliporudi masweta yalikuwa yameshachukuliwa. Akauliza, "Darasa la Saba yuko wapi?" Nikasema sijamwona.

Jumatatu mwalimu mkuu akaja na furushi. Alikuwa amekasirika mpaka miwani inamteleza. Akauliza nani amepima hizi shingo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mashine. Mama Boay akaligeuza sweta moja, akaingiza ngumi mbili kwenye shingo, akavuta, akatazama. Akasema, "Nilipima mimi." Akaomba radhi, mtu mzima yule, mbele ya watu waliokuwa wamejazana mlangoni. Tukafumua shingo arobaini na kuzifuma upya siku nne, yeye upande ule na mimi upande huu, hakunikaripia. Akaenda sokoni akanunua kibuyu kingine. Na watu walipoanza kumwita Mama Shingo, mimi nilicheka pamoja nao, kwa sababu asiyecheka angeulizwa kwa nini. Baadaye nikawa na duka langu, na hadithi ile ikawa yangu, inavutia wateja.

Glory alinisikiliza mpaka mwisho. Ana tabia ya kusema ukweli bila kuufunga kwenye karatasi.

"Bibi," akasema, "hapo ulizingua."

"Najua."

"Na anaondoka Jumamosi."

"Najua, Glory."

"Basi tumfumie sweta. La bluu ileile. Unampelekea, unamwambia."

Nilimwambia macho yangu hayaoni tundu la sindano. Alikwishaingia ndani akaondoa kanga kwenye mashine. Akaipuliza vumbi, akaniuliza chuma kinasukumwaje. Kwa hiyo kama mnataka kujua likizo yangu nzuri kuliko zote ilikuwa ipi, ni siku tatu hizo. Jumatano Glory alisukuma chuma na mimi nikahesabu mistari kwa sauti, kama Mama Boay alivyonihesabia. Mashine ilikwaruza kulia na kushoto, majirani wakaja kuuliza kama nimerudi kazini. Watoto walikaa chini na kofia zao. Alhamisi mchana mwili, mgongo na mikono vilikuwa vimeungana, ikabaki shingo.

Shingo niliifuma kwa mkono, na niliifuma mara mbili. Mara ya kwanza niliibana mno, kwa hofu nadhani. Mikono ikiogopa inakaza. Glory alijaribu kulivaa, likamkwama puani, akazunguka barazani kipofu huku watoto wanashangilia. Mimi sikucheka. Nikasema, "Fumua."

Hapo ndipo nilipoishukuru simu yake, mimi niliyeitukana wiki nzima. Akatafuta, akapata video ya mwanamke mmoja anayeongea lugha ambayo hatukuelewa hata neno. Lakini mikono tulielewa. Kabla ya kufunga kila kitanzi, mwanamke yule alizungushia uzi mara moja kwenye sindano, kisha akavifunga viwili pamoja. Ule mzunguko mdogo unaacha uzi wa akiba ukingoni, na shingo inafunguka ikivutwa na kurudi ikiachwa. Nimefuma miaka yote sikuijua njia ile. Ningeijua nikiwa na miaka kumi na nane, pengine shingo arobaini zingevuka na uongo wangu ungevuka nazo. Nikafikiri hivyo, kisha nikaona afadhali sikuijua. Vijana, kitu cha kufundishwa hakiulizi mwalimu ana umri gani wala anaongea lugha gani. Nilikaa miguuni pa mjukuu wangu nikafunga shingo ile kitanzi kwa kitanzi, yeye akisimamisha video na kuirudisha kila nilipopotea.

Ijumaa tukapanda bajaji kwenda Nangara. Mama Boay alikuwa amekaa uani kwenye kiti, amejipa jua, kanga mbili mabegani. Mabegi yalikuwa yamepangwa ukumbini. Amekuwa mdogo, yule mama mrefu. Lakini mikono yake ilikuwa inachambua maharage kwenye ungo na yeye hakutazama ilichokuwa inafanya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu, Mama Elibariki. Na huyu?"

"Glory, mtoto wa Elibariki."

"Shikamoo, Bibi," Glory akapiga goti.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaeni, jua la bure."

Tukakaa. Tukaongea habari za Dodoma, joto la huko, wajukuu zake. Nilikuwa na sweta kwenye mfuko na nikaanza kufikiri kwamba labda kumpa tu inatosha, atalivaa, atajua nilimpenda. Nikautoa mfuko. Glory akaniangalia, mara moja tu.

"Mama," nikasema, "kabla hujakipokea hiki. Zile shingo arobaini zilikuwa zangu. Nilikivunja Darasa la Saba nikicheza muziki, nikavificha vipande, nikapimia Darasa la Kwanza. Ukauliza nikakudanganya. Ukalaumiwa nikanyamaza. Na nimeisimulia kama kichekesho mpaka juzi Jumanne. Naomba unisamehe."

Mama Boay aliuweka ungo chini. Hakunitazama mimi, alimgeukia Glory.

"Mjukuu, ingia chumbani. Chini ya kitanda kuna boksi halijafungwa. Mna kibuyu. Niletee, lakini taratibu."

Glory akarudi amekikumbatia. Kilikuwa kibuyu kikubwa, cheusi kwa kushikwa, kimejaa mbegu za maharage. Macho ya mkaa yalikuwa yamefutika, limebaki moja. Toka mdomoni mpaka kwenye kitako, pande zote mbili, kilikuwa na ufa, na ufa ule ulikuwa umeshonwa, tundu kwa tundu, mshono wa karibu karibu, kama wanavyoshona vibuyu mama zetu wasiotaka kutupa kitu. Uzi wa mshono ulikuwa wa bluu iliyokoza.

"Nilivikuta kwenye gunia siku ya kwanza tulipokaa kufumua," Mama Boay akasema. "Nilikuwa natafuta donge la bluu."

"Mama, mbona hukusema?"

"Lilikuwa la kwako kusema, siyo la kwangu."

"Na kwa mwalimu mkuu? Kwa nini ulisema ulipima wewe?"

Alisema kwa Kiswahili chake kile kile cha Dareda, maneno machache, kila moja limesimama peke yake.

"Mimi jina nilikuwa nalo. Wewe lako ulikuwa bado hujapata. Wangekuita Shingo wewe, kesho yake ungerudi Singida, na mimi ningepoteza fundi." Akacheka kidogo. "Kila Krismasi unakuja na kilo mbili za sukari. Nasema moyoni, leo atasema. Unakunywa chai, unaondoka. Sukari yako nimekula sana, Magreti."

Hakuna aliyeniita Magreti tangu nilipojifungua Elibariki. Nililia, na sioni haya kuwaandikia. Nililia kama wale watoto wa shule waliokwama, nisijue mlango uko upande gani. Mama Boay aliacha nilie mpaka niishe, kama alivyoniacha nifumue. Kisha akamwaga mbegu za maharage kwenye ungo, akanyoosha mkono.

"Lete hiyo kazi."

Nikampa sweta. Akaligeuza nje ndani. Akapitisha kidole kwenye mishono yote ya bega, akaingiza ngumi mbili kwenye shingo, akavuta. Uzi ukafunguka, akaachia, ukarudi. Akautazama ule ukingo kwa muda, akaona ule mzunguko mdogo asioufahamu.

"Hii nani kakufundisha?"

"Huyu," nikamwonyesha Glory.

"Kwenye simu, Bibi," Glory akasema kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona nyumbani.

Mama Boay akakikalisha kibuyu magotini, akakishika shingo kwa mkono mmoja, akakivalisha sweta. Lilishuka juu ya kibuyu, likavuka kwenye tumbo lake, likavuka ufa wenye mshono, likatua magotini kwake bila kukwama popote.

"Imepita," akasema.

Akanyanyua mikono kama mtoto, nikamvalisha. Kichwa chake kilitokea upande wa juu, nywele nyeupe zimevurugika, anatabasamu. Glory alimpiga picha, na picha hiyo ndiyo iko ukutani kwangu sasa. Jumamosi Boay alikuja akamchukua. Alisafiri amelivaa, na Boay aliponipigia simu Jumapili alisema Dodoma ni joto lakini mama amekataa kulivua.

Kibuyu hakwenda nacho. Alisema Dodoma hakuna anayefuma. Kipo hapa Maisaka, barazani, kati ya makopo ya maua, na kila kofia na kila sweta linalotoka mikononi mwa watoto hawa linapita hapo kwanza. Glory amerudi shule, lakini ameniachia ahadi ya kuja likizo ya mwezi wa kumi na mbili, na ameniachia video ile kwenye simu yangu ndogo, ingawa kuifungua bado napata shida.

Njooni basi, wenye mikono. Uzi upo, mahindi yapo, na baridi ya kutosha kuvaa mnachofuma ipo. Mtakiona kibuyu chenye jicho moja na mshono wa bluu. Ukiniuliza nani alikivunja, nitakujibu kabla hujamaliza kuuliza.